Presha ya lita 7: miezi minane ya bokoboko, mbaazi na pweza, haya ndo niloyaona

Mie sikuwa mtu wa presha kabisa, hii sufuria ya kupikia inayofungia mvuke ndani. Kwetu Langoni, hapa Lamu, mama akisema kesho bokoboko basi usiku huo hamna kulala vizuri, ngano isharowekwa tangu asubuhi, nyama ishakatwa, na baada ya isha jiko la mkaa linawashwa uani, sufuria kubwa linatelekwa hapo, na kila baada ya muda lazma mtu atoke akakoroge na kuongeza maji lisije likashika chini, hivo hivo mpaka karibu na alfajiri. Na hapo bado hujaanza kulipiga. Sasa mwaka huu magoti ya mama yashachoka, zamu zote zikawa zangu peke yangu na mie asubuhi nna kazi, dada akanambia wee nunua presha bana unajitesa nini, Malindi ziko tele.

Nikanunua duka moja huko Malindi, jina sitaji na sababu mtaiona mbele. Ni ya alumini, lita 7, ya kuteleka kwenye gesi si ya stima, na hilo nlichagua kusudi manake stima yetu ikitaka kuondoka haiagi mtu. Shilingi 4,800. Ikapakiwa basi, Garsen, Witu, Mokowe, ikavuka na boti, pale gatini ikapanda punda, na mie nyuma nafuata nimevaa raba ya mfuniko mkononi kama bangili kwa vile nliambiwa raba ikikunjika tu umekwisha. Boksi lilifika kona moja imebonyea, chombo chenyewe kizima.

Kwa asojua inavofanya kazi, kwenye sufuria ya kawaida maji yakichemka ni digrii 100 na hapo yanasimama, uchochee moto utakavo, mvuke unatoka unakwenda zake. Presha inaufungia mvuke ndani na joto linapanda hadi kama 120, ndo maana nyama ya mifupa ilokuwa ikuweke masaa inalainika kwa dakika arubaini. Nlimueleza mamangu haya yote kwa upole. Akanitizama, akasema, "Hiyo si sufuria, hiyo ni bomu, na weye umenitilia jikoni kwangu."

Siku ya kwanza nusura maneno yake yawe kweli. Kijitabu kilichokuja nayo kimeandikwa kwa herufi za sisimizi, kinasema nafaka na kunde zisipite nusu ya chombo, mie sikusoma, nkaona lita 7 hizi na wageni wapo, nkajaza karibu juu. Ngano inafura na inatoa povu zito, povu likapanda likaziba kile kitundu cha filimbi, filimbi ikanyamaza. Na mie kwa ujinga wangu nkajua kunyamaza ndo kuiva. Nkatoka mlangoni kumpokea mtoto wa jirani kaleta ndimu, hapo nkasikia mshindo, kizibo cha usalama kimefyatuka na uji wa ngano umekwenda wima mpaka darini. Nyumba yetu ni ya zamani, dari ni boriti, uji ukatapakaa baina ya boriti ukawa wadondoka tone tone kwenye sakafu, na mama badala ya kuniuliza nimeumia anamwita jirani, "Ndoo uone kule yuu!" Hakuna aloungua alhamdulillahi. Lakini baina ya boriti ya tatu na ya nne kuna punje za ngano hadi leo, ufagio haufiki, na kila mgeni anayekuja lazma aoneshwe.

Hilo silitii lawama kwenye presha, kizibo kilifanya kazi yake kama kilivotengenezwa. Ni mie.

Mara ya pili nkafanya kwa adabu. Kilo moja ya ngano ilolala majini, kilo moja ya mbuzi na mifupa yake, mdalasini, iliki, pilipili manga, chumvi, maji mpaka nusu na si zaidi, na kijiko cha mafuta kutuliza povu. Filimbi ikilia mara ya kwanza punguza moto, dakika 45, zima, halafu iwache itulie yenyewe usiharakishe kuimwagia maji. Nilipofungua nyama imeachana na mifupa, ngano imepasuka vizuri sana, harufu mashallah. Lakini sikilizeni, hapo bado si bokoboko, hapo ni ngano na nyama wamekaa pamoja kama abiria kwenye boti, kila mmoja anatizama upande wake. Bokoboko linakuja unapotoa mifupa ukakaa chini, sufuria umelibana kwa miguu, ukashika mwiko mpana ukawa wapiga na kuvuta, wapiga na kuvuta, nusu saa nzima, bega linawaka, mpaka nyama isijulikane ni ipi isipokuwa nyuzi nyuzi, na ukiinua mwiko linakuja nao linavutika. Kazi hiyo presha haikusaidii hata kidogo. Kuna wanaotia kwenye blenda, nlijaribu mara moja, sirudii, blenda inakata tu haivuti, nlichopata ni gundi ya kubandikia matangazo.

Nkapakua, samli juu, vitunguu vya kukaanga, na sukari pembeni kwa apendaye (mie napenda, msinihukumu). Mama akaonja. Kimya. Akachota tena. Halafu akasema, "Limekosa moshi." Na kweli, ile harufu ya mkaa inoingia polepole usiku kucha haipo. Na ukoko pia haupo, watoto kwetu walikuwa wanapigania ule ukoko wa chini ya sufuria, kwa presha ukiona ukoko ujue umeunguza. Lakini badala ya mkaa wa usiku mzima na usingizi wa watu, ni kama saa moja ya gesi ya moto mdogo, na mie nimelala. Kwa siku za kazi hiyo ntaichukua. Idi tumelipika uani kwa mkaa kama kawaida, hapo mama hakutaka mjadala na mie sikumletea.

Mbaazi ndo nazotumia sana. Zilale majini usiku, asubuhi dakika 15 tu zishaiva, na mahamri yakiwa yanakaangwa kila kitu kinakutana mezani pamoja. Ila TUI USITIE NDANI YA PRESHA. Nasema kwa herufi kubwa kwa sababu nlikaa kwenye mbuzi nkakuna nazi mbili kwa mkono wangu, nkakamua, nkatia yote na kufunga, nlipofungua tui limekatika, mafuta juu yanaelea na chini chenga chenga kama maziwa yaloharibika. Inalika lakini hupeleki kwa mtu. Sasa nafanya hivi, mbaazi ziive kwa maji na chumvi, nafungua, natia tui jepesi lichemke taratibu mfuniko wazi, kasimele (lile tui zito) mwishoni kabisa moto mdogo huku nakoroga, basi. Ule muda wa tui haupunguziki na wala usiutafutie njia.

Pweza hivo hivo. Hapa ndo presha imenilipia hela zake, pweza aliyekuwa anigombeze asubuhi nzima nampikia dakika 20, maji nusu kikombe tu kwa sababu anatoa yake mwenyewe mengi, halafu namkata vipande ndo anakwenda kwenye nazi na ndimu. Laini mpaka mzee asiye na meno anakula.

Biriani, nyama ya ng'ombe ndo itie presha, dakika 15, ukizidisha inakuwa kamba. Kuku hapana. Pilau nlijaribu nkala uji wenye bizari, tusiongee.

Sasa lile duka. Mwezi wa tano raba ikalegea, mvuke ukawa unatokea ubavuni, filimbi hailii tena, na presha isofunga ni sufuria zito tu. Nkapiga simu. Nlipokuwa nanunua niliambiwa garantii mwaka mzima, sasa naambiwa garantii ni ya chombo si ya raba, haya nkasema niuzieni raba basi, wakasema hawauzi raba peke yake, nilete presha waitizame. Yaani nipande boti, nipande basi, nilale Malindi, nirudi, kwa duara la mpira! Nkanunua raba nyengine hapa mjini ya saizi nyengine nkaikata nkaiunga, haikukaa. Presha ikakaa kabatini wiki sita. Aliyeniokoa ni binamu yangu, kaja na raba kutoka Mombasa, inakaa japo kila mara lazma niilainishe kwa maji moto kwanza. Na mkono wa mfuniko skrubu zake zinalegea, nazikaza kila ijumaa.

Kwa hiyo chombo nakipa nyota nne, nyota ilobaki iko darini. Duka nalipa nyota moja, na hiyo ni ya yule kijana alonifungia boksi vizuri. Ukinunua popote pale, siku hiyo hiyo nunua raba mbili za akiba na uzijaribu kwenye mfuniko kabla hujatoka dukani.

Na kama kuna mtu anatoka Malindi wiki hii kuja Lamu na ana nafasi kwenye mkoba, natafuta raba ya presha ya lita 7, hela ntatuma kwa M-Pesa kabla hujapanda basi, na ukifika mbaazi zipo.