East London au Kyalami: ipi ndiyo Grand Prix halisi ya Afrika Kusini?

Kwa umri, njia ya mbio za magari ya mji wa East London haina mpinzani. Mbio zilianza huko mwaka 1934, kando ya Bahari ya Hindi, na ubingwa wa dunia wa Formula 1 ukafika Desemba 1962. Dereva Jim Clark aliongoza mpaka gari lake la Lotus likavuja oili. Mpinzani wake Graham Hill akashinda na kutwaa taji palepale.

Kyalami, njia ya karibu na Johannesburg iliyochukua nafasi hiyo mwaka 1967, inashinda kwa ufundi. Iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi huzipunguzia nguvu injini za kawaida, lakini zenye turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, huumia kidogo tu, ndiyo maana Renault yenye turbo ya dereva Jabouille ilianza mbele huko mwaka 1979. Isitoshe, Jody Scheckter, dereva wa Afrika Kusini, alishinda hapo nchini kwao mwaka 1975!

Kwa usalama, siitetei Kyalami: mwaka 1977 dereva Tom Pryce alifariki pamoja na msimamizi kijana aliyekuwa akivuka njia na kizimamoto.

Mpenda injini aanzie Kyalami. Anayetaka njia aliyopita Clark aende East London; Kyalami ilichorwa upya kabla ya mbio za 1992 na 1993.