Tofali za inchi 6 za barabarani Mtwara: kwanza uliza mfuko mmoja umetoa ngapi

Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, watu wa Mkoa wa Mtwara waliongezeka kutoka 1,270,854 hadi 1,634,947, na wa Lindi kutoka 864,652 hadi 1,194,028. Wote hao wanahitaji pa kulala, ndiyo maana wafyatua tofali wamejaa kando ya barabara. Saruji nayo ipo: kiwanda cha Dangote kilichozinduliwa 2015 kiko hapahapa Mtwara, na kimejengwa kuweza kuzalisha tani milioni 3 kwa mwaka. Tofali dhaifu katika mji kama huu haina utetezi.

Tofali ya inchi 6 ina sm 45 kwa 22.5 kwa 15, na ikishindiliwa vizuri inakaribia kilo 30. Kwa umbo haina kasoro kubwa: kingo zimenyooka, na mita moja ya mraba ya ukuta inakula tofali 10 ukiweka na za kuvunjika. Shida iko ndani. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, yaani ndoo moja na robo tatu kwa ndoo za lita 20. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 8, yaani saruji moja kwa mchanga nane, unaofaa kuta za nyumba isiyo ya ghorofa, mfuko huo unachanganywa na ndoo 14 za mchanga na unatoa tofali kama 15. Muuzaji anayejisifu kwamba mfuko wake unatoa 30 amemwaga mchanga zaidi ya mara 15 ya saruji. Hiyo ukiikwaruza kwa msumari inamomonyoka.

Mchanga wa ufukweni ni kosa la pili, na kwetu pwani unashawishi kwa sababu uko karibu. Chumvi yake inavuta unyevu, inatoa unga mweupe ukutani, na baadaye plasta na rangi vinabanduka. Ukitumika kwenye zege la lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, unakula nondo. Lamba punje chache kabla ya kulipa. Ladha ya chumvi ikiwepo, achana na rundo hilo.

La tatu ni maji, na hapa ndipo wauzaji wengi wanaponiudhi. Tofali ikishafyatuliwa ikae kivulini au ifunikwe, kisha kuanzia kesho yake imwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7 mfululizo. Ikikaushwa na jua mapema, saruji inakosa maji ya kumalizia kazi yake na tofali inabaki laini hata ingekuwa na mifuko ya kutosha. Nguvu yake kamili inahesabiwa siku ya 28. Fedha za korosho zinapoingia mikononi, kuanzia Oktoba hivi, kila mtu anataka kujenga kabla mvua hazijakolea, na tofali za siku 3 zinapakiwa kwenye gari zikiwa bado na rangi ya unyevu. Anayeweza, aagize Agosti.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua tofali tatu katikati ya rundo, si zile za juu ulizoonyeshwa. Zigonge mbili: mlio uwe mkali, si mzito wa kufifia. Angusha moja kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu. Kona ikimeguka si neno, ikisambaratika ondoka. Ya tatu iloweke usiku kucha, kisha ikwaruze kwa msumari.

Kwa kuta za ndani na uzio, tofali za barabarani zikifaulu majaribio hayo nazipendekeza, na inchi 5 inatosha kwa ukuta wa kugawa vyumba. Kwa msingi hapana. Nunua saruji na mchanga wa mtoni mwenyewe, mlipe fundi kwa kila tofali anayofyatua, na usimamie 1 kwa 6: ndoo 10 na nusu kwa mfuko, tofali 11 au 12. Umlipe na wa kumwagilia, maana fundi anayelipwa kwa idadi hatarudi kwa ajili ya maji.