Chumba cha mwisho kulia: huduma ya ushauri nasaha, nimekwenda mara sita

Mie dereva wa gari ya Bububu hapa Unguja, njia namba 502, mwaka wa 19 huu. Naandika kwa sababu watu wawili pale Darajani wameniita pembeni wakaniuliza kwa kunong'ona, kama mtu anayeulizia simu ya wizi: "Hivi kule unakokwenda wanakufanyia nini?" Basi nijibu mara moja. Kituo sikitaji, maana nna ya kukisema.

Sababu ni hii. Mfunguo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, mtoto wa skuli alinikatizia barabara Beit el Ras. Nilikanyaga breki abiria wa mbele akagonga kioo kwa paji la uso. Mtoto hakuguswa, alikimbia akaacha kiatu kimoja, cheusi, cha kamba, kimelala mbele ya tairi. Watu wakasema alhamdulillahi, tukaendelea na safari. Kile kiatu lakini nikenda nacho nyumbani. Kila usiku saa nane naamka, moyo unanidunda, nakiona.

Mke wangu akanipeleka kusomewa, nikanywa na kombe, maji yaliyooshewa aya. Nilipata utulivu siku mbili tatu, sibezi. Halafu duka moja la dawa likaniuzia vidonge vya usingizi, cheti cha daktari hakuna aliyekiuliza. Nililala kama gogo. Asubuhi nikazindukana nipo Mtoni, gari imejaa watu, na Maruhubi sikumbuki nimeipitaje. Vilivyobaki nikavitupa siku ileile. Dereva hawezi kutibiwa namna hiyo.

Daktari aliyekuwa ananipima presha ndiye aliyenielekeza chumba cha mwisho kulia. Moyoni nikasema ndiyo basi, kinachofuata Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nikamkuta binti wa miaka thelathini hivi, nesi aliyesomea ushauri juu ya unesi wake. "Shikamoo ami, karibu ukae." Mezani hana sindano wala mashine, ana kalamu na karatasi ya maswali 20, ndiyo au hapana, ya siku 30 zilizopita. Kichwa kinakuuma mara kwa mara? Unalala vibaya? Umepata wazo la kujiua? Hili alilitoa taratibu, akaniangalia usoni, akangoja. Nikasema hapana. Akanambia ningesema ndiyo angenipeleka kwa daktari wa akili saa ileile, na kwamba yeye na dawa hawana ugomvi. Mtu aliyeandikiwa asiziache kwa ajili yake.

Nikamuuliza bila haya: kwani wewe ni daktari? Akacheka. Madaktari wa akili wachache, ami, hawawezi kukaa saa nzima na kila mwenye mawazo. Akanipa habari za Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda, tangu 2006, anawafundisha bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuyachambua matatizo yao, moja baada ya jingine. Wakaja wakapimwa, watu 573 katika kliniki 24, na majibu yakachapishwa 2016 Marekani: baada ya miezi sita, waliokaa na wale bibi walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Washona wa huko hali hiyo wanaiita kufungisisa, kuwaza mpaka kupita kiasi. Nikamwambia sisi tunasema tu fulani ana mawazo, na mtaa mzima umeshaelewa.

Sasa kazi yenyewe. Nilidhani nitabembelezwa. Hata! Alinipa daftari. Kila asubuhi niandike nilipanda kitandani saa ngapi, nililala kwa muda wa saa ngapi, kahawa nilikunywa lini. Wiki ya pili akapiga hesabu mbele yangu: napanda saa tatu usiku, natoka saa kumi na moja, jumla ya saa nane kitandani, usingizi wenyewe muda wa saa nne na nusu tu. "Asilimia 56, ami. Kitanda chako kimekuwa baraza." Kwa hiyo akanikataza. Nisipande kabla ya saa tano na nusu, na niamke kwa adhana ya alfajiri hata kama sikulala, mchana nisisinzie. Nikiona nimekaa macho, bila kutazama saa, nitoke nikakae sebuleni gizani mpaka usingizi urudi. Simu na hesabu ya tajiri visivuke mlango wa chumbani.

Akasisitiza wiki mbili za mwanzo nisishike usukani, maana usingizi utanizidi mchana. Nikampa deiwaka gari. Kipato kilipungua na mke wangu alinuna, hilo mjue kabla. Siku ya tano nilisinzia nimeshika kijiko cha uji. Lakini wiki ya tatu asilimia ikavuka 85, akaniongeza robo saa, baadaye robo nyingine.

Kiatu nacho hakukiacha. Alinitaka niandike ninaloogopa hasa. Nikaandika: nimwone yule mtoto. Akasema basi hilo ndilo la kwanza. Nikenda kwao na halua. Mama yake alinisema kwa nusu saa, madereva sote, mpaka na waliokufa, ndipo akaleta chai. Mtoto mwenyewe alitaka kujua honi yangu inalia vipi.

Kasoro ninazo. Ukuta wa kile chumba ni plaiwudi, upande wa pili wanachanja watoto. Mimi nasimulia, wao wanalia, na nina hakika kina mama wanasikia. Kibao cha "Afya ya Akili" kimeelekezwa barabarani, jirani akaniona, jioni mtaani nimeshakuwa mwendawazimu. Siku ni Jumanne na Alhamisi tu, asubuhi, wakati gari zinajaa. Mara moja nikakuta mlango umefungwa, mshauri kahamishiwa kituo chengine kwa siku ile, simu sikupigiwa. Na yuko peke yake. Akiumwa yeye, hakuna wa kumshika nafasi.

Pesa sikutoa, zaidi ya nauli na daftari. Mara sita, kila mara kama dakika arubaini na tano. Atakayekwenda awahi kabla ya saa mbili, achukue kalamu yake, na akae benchi la ndani, lile la nje linaonekana kutoka barabarani.

Nalala kwa muda wa saa sita na kidogo sasa. Saa nane bado naamka siku mojamoja, nageuka upande wa pili. Kahawa ya baada ya Alasiri sijaiacha. Naye anajua, ipo kwenye daftari.