Mgahawa wa Mbagala uliobandika "Kusini" mlangoni: sahani safi, ramani mbovu

Kwa asiye na muda wa kusoma mpaka chini: chakula ni kizuri. Ugali wa muhogo umesongwa na mtu anayejua anachofanya, ming'oko ni ya kweli, bei ni ya Mbagala. Kibovu ni ramani iliyochorwa ukutani, na kwa kuwa wenyewe wameandika "Vyakula vya Kusini" kwenye kibao cha nje, ramani nayo naipima kama ninavyopima kitoweo.

Jina silitaji, maana nitawasema na bado nataka kurudi kula. Anayeshuka kituo cha Rangi Tatu, hapa Dar, akauliza wanapouza ming'oko ataelekezwa. Nami nijitambulishe, asije mtu akauliza nimepewa na nani mamlaka ya kupanga mipaka: mama yangu ni Mmwera wa Nachingwea, baba ni Mngoni wa Songea. Kwa Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa Wangoni ni wa baba. Nadaiwa pande zote mbili, na kwenye misiba hakuna upande unaokubali nisichange.

Nianze na ugali. Muhogo umeharibiwa jina hapa mjini na watu wanaoanika makopa ovyo. Yakipigwa na mvua kabla hayajakauka, unga unatoka wa kijivu, ugali unanuka, na mlaji anaondoka akiamini kwamba ndivyo ulivyo. Hapa unga ni mweupe, ugali unavutika bila kung'ang'ania vidoleni, na unaletwa ukiwa bado unatoa moshi, jambo ambalo kwa muhogo ni la lazima kwa sababu ukipoa unakuwa mpira. Kisamvu kimetwangwa kwenye kinu. Nilijua kabla ya kuuliza, maana cha mashine huwa laini kama uji na hiki kilikuwa na nyuzi zake. Wamekiunga kwa nazi na korosho zilizopondwa, na kama huoni tofauti ya korosho na karanga ndani ya kisamvu, sina la kukusaidia. Sahani hiyo pamoja na kipande cha changu wa kukaanga ni shilingi 7,000.

Sasa ming'oko. Kwa wa mikoa mingine: ni vizizi vyembamba vya porini, virefu kama vidole, havilimwi. Kina mama wanaingia msituni wakati wa kiangazi na kuchimba, kazi ya jua kali na mgongo, halafu inaoshwa, inachemshwa, inauzwa barabarani Masasi, Lindi na Mtwara kwa chumvi na pilipili. Unamenya kwa vidole huku unaongea. Utamu wake ni mdogo, wa taratibu, na unga wake unakauka kidogo mdomoni ndiyo maana pilipili haiepukiki. Hapa wanaileta kwa gunia na mabasi ya usiku, na sahani ndogo ni 2,000. Nimewahi kuikuta imepikwa jana na kupashwa moto. Hiyo nisingemlisha mgeni. Ikiwa mpya, hakuna chakula kingine kwenye orodha yao kinachostahili zaidi lile neno kwenye kibao.

Mbaazi za nazi ni nzuri, sina la kuongeza, isipokuwa kwamba kila nikiziona nakumbuka 2017, India ilipobana uagizaji na wakulima wetu wakabaki na magunia ndani. Mwaka ule tulikula mbaazi asubuhi, mchana na jioni. Pweza wamemchemsha mpaka kachoka. Mruke.

Haya, ukuta. Upande wa kushoto ukiingia kuna ramani ya Tanzania ya rangi za mafuta, na kuanzia Iringa kushuka chini kote kumepakwa kijani, na juu yake herufi kubwa: KUSINI YETU. Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Ruvuma, Lindi, Mtwara, wote kijani kimoja. Na orodha ya vyakula inafuata ramani: kuna wali wa Kyela, ndizi za Tukuyu, viazi vya Njombe.

Nilimuuliza mama mwenye mgahawa, mtu wa Newala, tena baada ya kumwamkia vizuri.

"Mama, Njombe imekuwa lini Kusini?"

"Watu wa Njombe nao wanakula, mwanangu," akasema, akaendelea kukatia samaki limau.

Kwa hesabu ya dira ana haki. Mbeya mjini na Kilwa Masoko ziko karibu kwenye mstari mmoja, nyuzi 9 hivi kusini ya ikweta. Songea iko chini zaidi kuliko Mtwara mjini, jambo ambalo watu wa Mtwara huwa hawalipendi ukiwaambia. Lakini sijawahi kumsikia Mnyakyusa anayepanda basi la Tukuyu akisema anakwenda Kusini. Anakwenda Mbeya. Kule ni Nyanda za Juu Kusini, na hayo maneno matatu ya mwanzo yana baridi, chai ya Mufindi, viazi, lami ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa 1976 na bado ipo. Sisi reli yetu ilijengwa na Waingereza kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga, ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Karanga hazikutoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Watu waliowekewa reli na watu waliong'olewa reli hawawezi kupakwa rangi moja.

Si mama huyu peke yake, na ndiyo sababu nalisemea. Serikali ilipozindua mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT, mwaka 2010, ukanda huo ulifuata njia ya Morogoro, Iringa na Mbeya mpaka Rukwa. Ukisoma vipeperushi vya "utalii wa kusini" utakuta Mikumi na Ruaha mbele. Mikumi! Mtu anatoka Dar asubuhi, anapiga picha twiga, jioni yuko kwake Kimara, anasimulia amefika Kusini. Neno linatumika likiwa na faida, na sisi tuliolibeba enzi likiwa adhabu tunabaki pembeni. Maana lilikuwa adhabu. Mtumishi aliyehamishiwa Liwale au Newala alipewa pole kama aliyefiwa, na wakati wa masika basi lilikwama njiani siku kadhaa kabla ya kukifikia kivuko cha Rufiji.

Kwa hiyo ramani ningeipaka hivi. Kaskazini, mto Rufiji. Najua Mohoro iko ng'ambo ya kusini ya mto na bado ni mkoa wa Pwani, na najua Wandengereko, Wamatumbi na Wangindo wanasikilizana lugha kuliko wanavyosikilizana na sisi Wamwera. Mpaka wa mkoa ni wa karatasi. Ila panda basi la Mtwara, sikiliza abiria wanavyopiga simu nyumbani likishavuka Daraja la Mkapa: "Tumeshavuka." Hakuna anayeuliza wamevuka nini. Daraja hilo lilifunguliwa 2003, na Rais Mkapa, ambaye limepewa jina lake, ni mtoto wa Lupaso, Masasi.

Mashariki ni bahari, hakuna ubishi. Kusini ni mto Ruvuma, ingawa Wamakonde wako kingo zote mbili na Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010 limekuja kuhalalisha tu safari ambazo mitumbwi ilikuwa inazifanya. Nachingwea ilikuwa na kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji. Wazee wetu waliishi na wapiganaji wale kwa miaka, na si ajabu kukuta babu anayejua nyimbo zao.

Magharibi ndiko kwenye kesi, kwa sababu ndiko kwa baba. Wapo wanaokatisha Kusini Tunduru, kwa hoja kwamba korosho zinaishia huko na Wayao nao wanahesabu ukoo kwa mama na kupeleka watoto jandoni na unyagoni, kama Wamwera, Wamakua na Wamakonde. Baada ya hapo, wanasema, ni mahindi na Wangoni, watu wengine. Nawaelewa, na mezani kwa mama yangu mdogo nimeambiwa hivyo kwa mdomo uliojaa chakula changu. Lakini nabisha. Wakati wa Mwingereza Jimbo la Kusini lilikuwa moja, Songea na Tunduru ndani yake, na makao yake Lindi, baadaye Mtwara. Kabla ya hapo kulikuwa na 1905: moto wa Majimaji uliwashwa kwenye vilima vya Umatumbi, Kilwa, na Songea ndiko wakuu wa Wangoni walikonyongwa Februari 1906. Njaa iliyofuata, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala, haikuuliza nani anahesabu ukoo kwa nani. Ningepaka rangi mpaka Songea na kuendelea kidogo. Kuanzia pale gari linapopanda milima ya Lukumburu kwenda Njombe, na abiria wanaanza kutafuta masweta, brashi naiweka chini. Mbinga, wenye kahawa na ngoro, yale mashimo yao ya kulimia, wajiamulie wenyewe. Nimewauliza ndugu wa huko na kila mmoja ana jibu lake.

Na hapa ndipo mgahawa unaponiudhi hasa. Ruvuma ipo ukutani lakini haipo mezani. Wameweka ndizi za Tukuyu, hawana hata dagaa wa Nyasa. Samaki mbasa wa Mbamba Bay hawamjui. Wametanua mpaka wao hadi Mbeya kwa ajili ya mteja, wakaruka kwa baba yangu katikati.

Kuna na kingine ambacho hakipo kwenye orodha, nacho kila mtu wa Newala na Masasi anajua ninachokisema: samaki nchanga. Panya wa porini, anayebanikwa kwenye vijiti mpaka anakauka. Nilimwuliza binti anayehudumia, kwa sauti ya chini. Akacheka, "Mjomba, unataka tufungiwe?" Nadhani anaogopa utani wa wateja kuliko mabwana afya. Watu wa Dar wametutania kwa panya tangu hatujazaliwa, na mgahawa unaojiita wa Kusini ukaona bora kumpa mteja chipsi. Simlaumu sana. Lakini kama wameweza kumwelimisha mtu wa Kinondoni akala mizizi ya porini kwa 2,000 na kuomba nyingine, wangeweza kujaribu, hata siku moja kwa wiki, hata kwa kuagiza.

Huduma ni ya polepole na ya heshima. Ukifika saa saba mchana utasubiri, kwa sababu ugali wanasonga kwa oda, na hilo ni jema. Ndoo ya kunawia ina kikombe kidogo cha kutekea. Mwenye mgahawa ametoka uwanda wa Makonde ambako maji yalifuatwa mbali, hamwagi ovyo. Choo kisafi. Viti vya plastiki, viwili vimepasuka, chunguza kabla ya kukaa kama una mwili. Kwenye kona kuna kinyago cha mpingo cha mtindo wa ujamaa, watu wamepandana mabegani mpaka juu, kazi nzuri kuliko nyingi unazouziwa Mwenge kwa bei ya mgeni; wamekitundikia kalenda ya kampuni ya simu. Msimu wa korosho wanakuwa na juisi ya mabibo, inayokausha ulimi na kuacha doa lisilotoka kwenye nguo. Uraka, pombe ya mabibo hayo, hawauzi, au hawajaniuzia mimi.

Jumamosi jioni wanapiga ngoma kwenye spika, sindimba nyingi, na meza za nje zinajaa vijana wa Machinga Complex na Kariakoo wanaorudi nyumbani. Kukaa kunakuwa kwa kubanana, na ubishi wa nani ni wa Kusini hauanzishwi na mimi peke yangu. Mara ya mwisho fundi mmoja wa Liwale alikuwa amesimama kwenye ramani na kidole chake Iringa, anamwuliza mama mwenye mgahawa rangi ya kijani iliuzwa kwa kopo au kwa pipa.

Ukienda, uliza kwanza ming'oko imepikwa lini. Kama ni ya leo, kaa. Kama ni ya jana, chukua ugali na kisamvu, mwachie pweza mwingine, na ukiwa unatoka mwulize mama lini ataleta mbasa. Akiulizwa na wengi ataleta. Kwa viazi vya Njombe ilikuwa hivyo hivyo.