Uzoefu wangu na reli za Tomix za kona kali: mtaa wa tramu kwenye ubao wa A3

Kama nafasi uliyonayo ni kipande cha meza tu, hizi ndizo reli ninazokushauri bila kusita. Ni reli za treni za modeli za Tomix, chapa ya Kijapani, za skeli ya N (kipimo kidogo cha modeli), zenye kona ya rediasi, yaani nusukipenyo, ya milimita 103. Vipande sita vya nyuzi 60 vinakamilisha duara. Ukiongeza kipande kilichonyooka cha milimita 140 kila upande, unapata mzunguko wa takriban sentimita 37 kwa 23. Mtaa mzima unakaa kwenye ubao wenye ukubwa wa karatasi ya A3, na ukimaliza unausukuma chini ya kitanda.

Kona kali hivyo haifai kila treni. Behewa la mita 20, ambalo kwa skeli ya Kijapani ya 1:150 (modeli ndogo mara 150 kuliko kitu halisi) lina zaidi ya sentimita 13, usilijaribu hapa. Hizi ni reli za tramu, yaani treni fupi za barabarani mjini, na hata tramu, soma kwanza boksi lake uone linataja kona ipi. Mimi nimeiga Toden Arakawa ya Tokyo, njia ya tramu ya kilomita 12.2 yenye vituo 30 kati ya Minowabashi na Waseda. Tramu zake zina urefu wa kama mita 13, yaani modeli haifiki sentimita 9.

Kuna hesabu moja hapa naipenda sana. Reli za N zina upana wa milimita 9. Treni nyingi za Japani hupita kwenye reli ya milimita 1,067, sawa na TAZARA yetu, hivyo modeli zake husimama kwenye reli pana kuliko inavyopaswa. Toden inatumia 1,372. Gawanya kwa 150 upate 9.15. Ukiitazama tramu kwa mbele, imekaa kwenye reli yake sawasawa.

Sasa usanifu, maana reli peke yake si mji. Mzunguko mdogo ukiachwa wazi, jicho linaona duara na basi. Nilisimamisha safu ya maghorofa katikati ya ubao, kwa urefu wake, ikaficha nusu ya nyuma. Tramu inaingia nyuma ya jengo la kona, unasubiri, inatokea upande wa pili kana kwamba imetoka mtaa mwingine. Ndiyo maana naamini mji unafaa nafasi finyu kuliko kijiji: majengo yanaficha, na tramu kukata kona kali barabarani ni jambo la kawaida. Ghorofa moja ni kama sentimita 2, kwa hiyo jengo la ghorofa sita la boksi gumu linatosha kuziba macho.

Kabla ya kugusa gundi, isukume tramu taratibu kwenye kona ukiwa umeishikiza penseli ubavuni, ikuchoree mstari ubaoni. Tumbo lake huingia ndani ya kona na pua zake hutokeza nje. Jengo, nguzo na kituo vyote vikae ng'ambo ya mistari hiyo.

Kwa walio Dar kama mimi: kidhibiti cha mwendo nilichoagiza Japani ni cha umeme wa volti 100. Usikichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya hapa, tumia transfoma ya kushusha umeme. Vumbi nalo ni adui. Tramu fupi ina magurudumu machache ya kuchukua umeme, ikikuta uchafu inasimama, hasa ikienda polepole. Kitambaa chenye spiriti kidogo juu ya reli kabla ya kuwasha kinatosha.

Anayependa kupanga mabehewa kuliko kutazama tramu ikizunguka asinunue hizi. Atafute vipande vya kubadilisha njia ajenge Inglenook ya Alan Wright, chemshabongo ya kupanga mabehewa: njia tatu zilizonyooka, mabehewa 8, na kazi ya kutoa 5 kwa mpangilio uliopatikana kwa bahati nasibu.