Silinda ya kupandisha na kushusha reki ya nyasi: inunue yenye vali ya kufunga

Seti hii huondoa mkono wa kuzungusha kwenye kila rota (sehemu inayozunguka yenye meno) ya reki inayokokotwa na trekta, na kuweka silinda ya haidroliki, yaani inayosukumwa na oili yenye presha, mahali pake. Dereva hurekebisha kimo cha meno akiwa kitini. Kwenye shamba tambarare lenye nyasi za aina moja, baki na mkono wako. Kwenye mabonde na mawe, silinda inalipa: meno yakikwangua ardhi, udongo huingia kwenye nyasi na meno hukatika, yakiwa juu mno, majani mazuri hubaki nyuma. Ncha zipite sentimita 1 hadi 3 juu ya udongo.

Kinachonifurahisha zaidi ni kitu cha bei ndogo: ringi za chuma zinazobanwa kwenye fimbo ya silinda. Ongeza ringi moja, meno yanaishia juu kidogo. Shusha reki mara mia, yatarudi palepale. Bila ringi unakisia kwa macho.

Kasoro kubwa ni kushuka polepole. Vali za trekta nyingi huvuja kwa ndani, hivyo uzito wa rota husukuma oili irudi na meno yanagusa chini bila dereva kujua. Ndiyo maana toleo lisilo na vali ya kufunga, ile inayozuia oili isirudi, kwenye silinda yenyewe silipendekezi. Kupima huko kushuka ni rahisi: inua rota, zima injini, pima fimbo iliyo nje kwa futi kamba, rudia baada ya nusu saa. Rota ikishuka, chomoa mipira ya oili kwenye trekta kisha upime tena. Ikitulia, mvujo uko kwenye trekta. Ikiendelea kushuka, kagua sili za silinda, yaani ringi za ndani zinazozuia oili isivuje. Usiingie chini ya rota bila kuiwekea stendi, wala usipapase mpira unaovuja kwa kidole, maana oili yenye presha hutoboa ngozi. Tumia kipande cha kadibodi.

Rota mbili zikilishwa kwa mpira mmoja wenye tii (kiungo kinachogawa oili pande mbili), iliyo nyepesi hupanda kwanza. Hilo si ubovu.

Baada ya kufunga, nyoosha na kurudisha silinda hadi mwisho mara tano au sita kutoa hewa, kisha angalia oili ya trekta. Rota ikidondoka kwa kishindo, weka kipunguza mwendo, kinachobana njia ya oili. Kitundu chake ni chembamba na uchafu kidogo hukiziba, basi futa kapulingi (viungo vya mipira na trekta) kila unapounga. Mipira nayo iache ilegee vya kutosha trekta inapokata kona kali.