Pedali kwanza, yoki (usukani wa ndege) baadaye: mwongozo wa kununua vifaa vya simuleta ya ndege nyumbani

Mwanafunzi wa urubani aliyekaa miezi akirusha ndege kwenye kompyuta, siku yake ya kwanza ndani ya Cessna 172 hujulikana kwa miguu. Mita zote anazijua, orodha ya ukaguzi anaisoma bila kukwama, lakini akisukuma nguvu ya injini hadi mwisho ndege inavuta kushoto na miguu yake imelala tu. Upepo unaotupwa nyuma na pangaboi huzunguka bodi na kuupiga mkia upande mmoja. Rubani anatakiwa kukanyaga pedali ya kulia tangu ndege inapoanza kukimbia, aongeze anaponyanyua pua, alegeze anaposawazisha angani. Nyumbani, programu ilimfanyia kazi hiyo kimyakimya, naye hakujua anafanyiwa.

Ndiyo maana vifaa hapa vimepangwa kwa kile ambacho ndege ndogo ya mafunzo inaudai mwili wako. Wingi wa vitufe na uzuri wa boksi havikuhesabiwa. Bei tunazotaja ni za kukadiria na ni za madukani Marekani. Ukiagiza kutoka nje, weka juu yake usafiri, ushuru wa forodha na VAT, ambayo Kenya ni asilimia 16 na Tanzania Bara 18.

1. Pedali

Wengi hununua pedali mwisho kabisa, na hilo ndilo kosa linalowagharimu zaidi. Bila pedali hujifunzi kutua kwenye upepo wa ubavuni, hujifunzi kuongoza ndege ardhini, wala hujifunzi kupiga kona angani huku mpira wa mita ya kona ukibaki katikati.

Thrustmaster TFRP ni ya kuanzia, kwa dola 100 hadi 140 hivi. Ni ya plastiki, nyepesi, na nafasi kati ya mguu na mguu ni ndogo kiasi kwamba magoti yanakaribiana. Lakini inateleza vizuri na ina breki kwenye ncha za vidole, kila mguu na yake, kama ilivyo kwenye Cessna. Logitech Flight Rudder Pedals ni pana zaidi, nzito zaidi, na ina kirungu cha kuongeza ugumu. Mwenye miguu mikubwa achague hiyo. Thrustmaster TPR ni bora kuliko zote mbili, ila bei yake inamfaa aliyekwisha kuamua kwamba hobi hii haitamtoka.

Kwenye sakafu ya vigae pedali zote hukimbia mbele, na kiti cha magurudumu hukimbia nyuma. Dawa yake ni bodi ya mbao yenye unene wa milimita 18, upana wa sentimita 60 na urefu wa kutosha kubeba pedali pamoja na miguu ya mbele ya kiti. Funga pedali kwa skrubu, kisha weka kiti cha kawaida cha kulia chakula juu ya bodi hiyohiyo. Uzito wako mwenyewe ndio utakaozuia pedali zisihame.

Ukiunganisha na ndege ikagoma kutembea ardhini hata ukiongeza nguvu, usiifute programu. Karibu kila mara tatizo ni kwamba mhimili wa breki umegeuka: pedali ikiachwa, kompyuta inasoma kwamba umeikanyaga hadi mwisho. Ingia kwenye mipangilio, chagua breki ya kushoto na ya kulia, geuza mwelekeo wa kila moja.

2. Fimbo ya kawaida

Ukishapata pedali, fimbo yoyote nzuri inatosha kwa mwaka mzima. Chaguo letu ni Thrustmaster T.16000M, na sababu ni mbili. Inasoma mkono kwa sensa za sumaku, ambazo hazisuguani, kwa hiyo hazichakai kama potenshiometa (sensa za kusuguana) za fimbo za bei ya chini. Pili, inageuzwa kutumika kwa mkono wa kushoto. Kwenye kiti cha rubani cha Cessna, mkono wa kushoto unashika usukani na wa kulia unashika nguvu ya injini. Logitech Extreme 3D Pro, ambayo ni ya bei rahisi na huuzwa chini ya dola 50, imechongwa kwa mkono wa kulia tu. Itakufundisha mikono iliyobadilishana, na tabia hiyo inachukua muda kufutika.

Pedali za TFRP na T.16000M kwa pamoja ni karibu dola 200. Kwa mwenye bajeti moja tu, hapo ndipo pa kusimama.

Fimbo hizi pia huzunguka kwenye shina kuongoza mkia. Ukiwa na pedali, futa kabisa amri hiyo kwenye mipangilio. Ukiiacha, vifaa viwili vitagombania mkia mmoja: unakanyaga kulia, fimbo inasema katikati, na ndege inatikisika kama ina homa. Microsoft Flight Simulator hujipangia amri yenyewe kila unapochomeka kifaa kipya, kwa hiyo kagua hata kama hukugusa kitu.

Anayeota Airbus ana bahati. Fimbo ya pembeni ya A320 ya kweli nayo inarudishwa katikati na springi, haisukumi mkono kwa nguvu ya upepo, na katika hali ya kawaida trimu (kirekebishi kinachouondolea mkono mzigo) inajirekebisha yenyewe. TCA Sidestick ya mezani iko karibu na kifaa halisi kuliko yoki yoyote ya nyumbani ilivyo karibu na Cessna.

3. Macho na shingo

Skrini ya inchi 27 ina upana wa sentimita 60 hivi. Ukikaa sentimita 65 kutoka nayo, inajaza nyuzi 50 tu za kile unachokiona, wakati macho mawili ya binadamu hushika takriban 180 au zaidi. Katika mzunguko wa kutua, wakati wa kukata kona ya kuelekea kiwanja, njia ya kurukia iko nyuma ya bega lako la kushoto. Kwenye skrini moja haipo. Watu huipanua picha ili waione, na hapo inazuka shida nyingine: kila kitu kinaonekana kidogo na cha mbali, wanashindwa kukadiria kimo cha kuinua pua kabla ya kugusa ardhi, wanajibamiza.

Anza na OpenTrack. Ni programu ya bure inayofuata kichwa chako kwa kamera ya kawaida ya kompyuta. Inahitaji mwanga wa kutosha usoni, usiotoka kwenye dirisha lililo nyuma yako. TrackIR ni thabiti zaidi kwa sababu inafuata taa au vioo vidogo unavyovaa kichwani. Miwani ya VR kama Meta Quest 3 ndiyo pekee inayokupa kina, na kutua kunakuwa rahisi mara moja, lakini huoni mikono yako wala karatasi ya ukaguzi, na inadai kadi ya picha yenye nguvu. Skrini tatu tunaziweka chini ya vyote hivi: ni ghali, zinakula meza, na bado hazikuonyeshi nyuma ya bega lako.

4. Yoki

Honeycomb Alpha, dola 250 hadi 300 hivi, ndiyo ya kununua. Inazunguka nyuzi 180 kamili na mbele yake kuna swichi za betri, taa na ufunguo wa kuwasha injini, kwa hiyo mkono unajifunza mpangilio wa kuwasha ndege. Yoki ya Logitech ni nafuu, lakini mzunguko wake ni mfupi kuliko wa Alpha na inakwama katikati: ukitaka kurekebisha pua kwa milimita chache, unasukuma, haisogei, unaongeza, inaruka. Kabla ya kulipia yoyote, pima meza. Vibanio vinataka ukingo ulionyooka usio na droo chini, na meza ya plastiki hupinda unapovuta.

Mbona basi yoki iko ya nne? Kwa sababu ya trimu. Katika ndege ya kweli unaishikilia pua mahali unapoitaka, kisha unazungusha gurudumu la trimu mpaka mkono hausikii mzigo, na yoki inabaki palepale ulipoishika. Springi ya nyumbani ina kati moja tu. Unapozungusha trimu inakubidi urudishe yoki katikati polepole wakati huohuo, kitendo ambacho hakipo angani. Vilevile Cessna yenye mwendo mdogo ina usukani laini, na ikienda kasi usukani unakuwa mzito. Yoki ya springi ina uzito uleule ikiwa imeegeshwa na ikiwa inashuka kwa kasi. Zipo yoki zenye mota zinazohamisha kati na kubadilisha uzito, kama Moza AY210 na za Brunner. Hizo ndizo zinazofundisha trimu kweli, na bei yake iwekwe mezani pamoja na bei ya saa za ndege halisi kabla hujaamua.

5. Wenzo za injini

Cessna 172 inahitaji vitu viwili tu: nguvu na miksicha (uwiano wa mafuta na hewa). Honeycomb Bravo ina wenzo sita, kiongozi otomatiki na gurudumu la trimu. Ni nzuri, lakini kwa mwanafunzi sehemu kubwa yake italala. Kifaa cha wenzo tatu kinatosha.

Miksicha, hata hivyo, usiiache kwenye kibodi. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, uko karibu futi 5,500 juu ya bahari. Siku ya nyuzi 26 za Selsiasi, hewa pale ni nyembamba kama ya futi 8,000. Ukiacha miksicha imejaa mafuta, injini inalemewa na haitoi nguvu iliyobaki nayo. Pakia 172 hadi kikomo chake cha uzito, iruke kutoka Zanzibar, kisha kutoka Wilson kwa uzito uleule, pima ulitumia mita ngapi za njia. Hilo simuleta inalifundisha vizuri, na halina hatari.

Programu, na mtego wa mtumba

X-Plane 12 inafanya kazi bila intaneti, kwenye Windows, Mac na Linux, na ina toleo la majaribio la bure. Microsoft Flight Simulator 2024 ina mandhari nzuri kupita zote, lakini inavuta ramani wakati unaruka: kima cha chini ni Mbps 10, na RAM ya GB 16, ingawa 32 ndiyo inayopendekezwa. Mwenye bando la simu ataumia. FlightGear ni ya bure kabisa na inatosha kujifunza vifaa vya kuongoza njia.

Kifaa cha mtumba kipime mbele ya muuzaji. Chomeka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, sogeza kila mhimili polepole. Alama ikirukaruka, potenshiometa imechakaa. Dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme huiponya kwa muda, sio siku zote. Na vifaa vikikatika katikati ya safari, fungua Device Manager, nenda kwenye kila USB Root Hub, ondoa ruhusa ya Windows kukizima ili kuokoa umeme.

Saa za nyumbani haziingii kwenye kitabu cha saa za rubani. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, cha leseni ya rubani binafsi ni saa 40, au 35 ndani ya kozi iliyoidhinishwa, na huko Marekani hata kifaa kilichoidhinishwa na FAA, mamlaka ya anga ya huko, kwa ngazi ya BATD (simuleta ya msingi ya mafunzo) huhesabiwa saa 2.5 tu. Faida ya nyumbani iko kwingine: injini kuzima mara ishirini jioni moja baada ya kuruka, kila mara ukishusha pua na kushika mwendo wa noti 70 (maili za baharini kwa saa) wa Cessna 172S bila kufikiri.

Tabia mbaya kuliko zote utakayoibeba kutoka kwenye skrini ni kukodolea mita. Angani, rubani wa mwanzo anapaswa kutazama nje karibu muda wote, atafute ndege nyingine na aone upeo wa macho ukikaa wapi juu ya dashibodi. Kata karatasi, funika mita zote isipokuwa ya mwendo, na uruke mzunguko wa kutua hivyo mpaka uweze kushika kimo kwa upeo peke yake.